Mlango wa Uani

Nilikubali kuolewa na mtu nisiyemjua kwa sababu nilikuwa na uzi mdomoni.

Ndivyo ilivyokuwa, na asiyeamini na amuulize shangazi yangu, Bi Kijakazi, kama atakubali kusema kweli. Jumapili ile nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani kwetu Mabawa, nashona kofia. Kazi ya kofia inataka hesabu. Kila ua lina vijitundu sita, ukikosea kimoja ua zima linapinda, na mimi nilikuwa nimebana uzi kwa meno, macho kwenye kitambaa, kichwa kinahesabu. Shangazi akaja akakaa karibu, akasema maneno yake. Nilisikia "fundi", nikasikia "washenga", nikasikia "watu wa Tongoni". Nilidhani ananipa habari za watu. Nikaendelea kuhesabu.

Kwetu msichana akiulizwa habari ya posa, akinyamaza, amekubali. Hakuna anayetazamia mwari mwenye malezi aseme ndiyo kwa kinywa chake. Shangazi alikitazama kimya changu, akakiona kinatosha, akainuka kwenda kumpelekea baba.

Nilikuja kujua Jumanne jioni, aliponishika mkono na kuanza kunipima kifundo kwa kipande cha utepe.

"Wanipima nini, Shangazi?"

"Bangili."

"Za nani?"

"Za bibi harusi. Usijifanye mgeni."

Nikauvuta mkono wangu. Ndipo maneno ya Jumapili yakaanza kurudi moja moja, fundi, washenga, Tongoni, na kila lililorudi lilinikuta nimechelewa.

"Shangazi, mimi nilikuwa na uzi mdomoni."

"Uzi?"

"Nilikuwa nahesabu. Sikusikia hata ulichouliza."

Shangazi akaukunja utepe wake. "Mwanangu, kimya chako nimekibeba nikakipeleka kwa baba yako, naye amekipokea. Sasa nirudi nimwambie nini, kwamba nilimpelekea uzi?"

"Ni nani huyo mtu?"

"Mselem, fundi seremala. Ndiye aliyetengeneza ile meza ya mji iliyoko ukumbini Ngamiani, watu wanayokwenda kuishangaa."

"Ile ya kuchezea vibao?"

"Hiyohiyo. Washenga wanarudi Ijumaa baada ya sala kuchukua jibu. Ukitaka kukivunja kimya chako, kivunje kabla ya hapo. Wakishaondoka na jibu, utakuwa unavunja heshima ya baba yako."

Sikulia. Mimi si mtu wa kulia, ni mtu wa kuuliza, na ndio maana watu husema nitazeekea nyumbani. Nilichotaka ni kumjua huyo mtu ni wa namna gani, na nilikuwa na siku mbili tu.

"Kesho Jumatano," nikasema. "Ni siku ya wanawake kule ukumbini."

"Unataka kwenda kumtazama mwanamume aliyekuposa? Watu watasemaje?"

"Nataka kwenda kuutazama mji."

Shangazi akajifanya anafikiri sana. Yeye mwenyewe tangu wiki iliyopita alikuwa akitafuta sababu ya kwenda, na sasa ameipata bila kuitolea jasho. Akasema atanisindikiza, kwa ajili ya heshima.

*

Tulivaa mabuibui yetu tukaenda mapema, tukakuta wanawake wamejaa mpaka nje. Mlangoni alikuwa Mwalimu Praxeda, aliyepewa kazi ya kutueleza masharti. Huu, alisema, ni mji wa Tanga kama utakavyokuwa mwaka elfu mbili. Si picha ya kutazama tu. Kila kitu kinaguswa. Nyumba mia mbili fundi amezipanga mwenyewe, na kila mgeni atapewa kibao kimoja kilichochongwa kama nyumba, akiweke pale anapopenda kuishi. Kesho, Alhamisi, wazee wa mitaa na mabwana wa ofisi ya mji, walioagiza meza hii, watakuja kuutazama mji na kuukubali au kuukataa.

"Na fundi yuko wapi?" Shangazi akauliza, kama mtu asiye na haja.

"Nyuma ya pazia," akasema Mwalimu Praxeda. "Leo ni siku yenu, hawezi kuwaona. Lakini lazima awepo, mji hauendi bila yeye. Mkiwa na swali, ulizeni, atajibu."

Nikalitazama lile pazia la kitambaa cha amerikani lililokatiza ukumbi. Chini yake palikuwa na uwazi kama wa shubiri mbili, na katika uwazi huo niliona miguu ya mtu, imevaa makubadhi. Basi. Mtu wangu wote alikuwa miguu miwili.

Lakini meza, jamani, meza ilinisahaulisha hasira. Ilikuwa meza sita zilizounganishwa, na bahari juu yake ilikuwa bati lililopakwa buluu. Barabara zilikuwa kamba za mkonge zilizopakwa rangi nyeusi. Ukibonyeza kipande cha shaba kilichoko bandarini, taa ndogo za tochi zinawaka gati nzima. Palikuwa na jumba la ghorofa kumi lenye ndoo kando, ukivuta uzi ndoo inapanda na watu wa mbao ndani yake. Palikuwa na zahanati katika kila mtaa. Palikuwa na bomba dogo, ukilizungusha linatoa maji ya kweli, na hapo ndipo wanawake walipobanana, maana maji ndani ya nyumba ndiyo waliyoyataka kuliko ghorofa. Na treni, iliyotengenezwa kwa makopo, ilizunguka mji mzima ikivutwa na uzi uliopita chini ya pazia. Nilisikia huko nyuma mlio wa gurudumu nikautambua. Mtu huyu alikuwa anaizungusha treni yake kwa mkono wa cherehani.

Nilizunguka meza mara mbili, natafuta pa kuishi. Mara ya pili nikasimama. Kulikuwa na kitu kinanikera nami sijui ni nini, kisha nikakiona.

"Fundi," nikaita.

"Naam, bibi."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na haraka. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia na sikuweza.

"Nyumba zako hizi zina milango mingapi?"

"Mmoja, bibi. Unatazama barabara."

"Na wanawake wanapita wapi?"

"Mlangoni."

Wanawake wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Barazani wamekaa wanaume wanacheza bao. Mimi nataka kwenda kwa jirani kuazima kijiko cha bizari. Nipite katikati yao, nikiwaomba wainue miguu?"

"Na siku ya harusi," akadakia mama mmoja mnene aliyekuwa kwenye bomba, "sufuria za pilau tutaziteleka wapi, barabarani na malori?"

"Uani," ikajibu sauti. Kisha, kama anajisemea mwenyewe, "Sikuweka ua."

"Hukuweka ua," nikasema.

"Ramani niliyopewa ofisini haina ua. Ina barabara na nyumba tu."

"Na kwenu Tongoni nyumba yenu haina ua?"

Shangazi alinifinya mkono mpaka nikauma meno. Nyuma ya pazia gurudumu likapunguza mwendo.

"Umejuaje kama mimi ni mtu wa Tongoni?"

"Usemi wako unajulisha," nikasema, nikamshukuru Mungu kwa buibui.

"Kwetu ua upo," akasema taratibu. "Mama yangu huishi humo nusu ya siku yake. Lakini mimi tangu nilipoanza kunyoa ndevu nimekaa barazani na wenzangu, nikasahau kwamba nyumba ina mgongo. Basi nifundisheni. Mimi siwezi kuja hapo, lakini mikono mnayo."

"Tuziguse nyumba zako?"

"Zigeuzeni mnavyotaka."

Wanawake hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Waliziinua nyumba za fundi safu kwa safu, wakazigeuza migongo ikaelekeana, wakaacha katikati uwazi wa ua na kinjia cha mtu mmoja kupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wengine waligombana nani awe jirani wa nani. Mama mnene aliihamisha nyumba yake mara tatu kumkimbia mke mwenzake. Kwa saa nzima palikuwa na mlio wa mbao na kelele za kina mama, na yule mtu nyuma ya pazia, ambaye kazi yake ya miezi ilikuwa inapinduliwa asiione, aliuliza mara moja tu, "Mwafanya nini sasa?" Akajibiwa, "Twajenga." Akasema, "Haya," akaendelea kuzungusha treni.

Nikasogea karibu na pazia.

"Fundi, aliyechora mji wa watu wote, mkewe amesemaje kuhusu nyumba zisizo na ua?"

"Sina mke, bibi. Nimeposa. Nangoja jibu Ijumaa."

"Umemwona huyo uliyemposa?"

"Sijamwona. Nimeiona kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kofia. Mwaka jana nilinunua kofia sokoni. Mimi ni mtu wa vipimo, nikiona kitu nakihesabu. Maua yote yalikuwa na vijitundu sita, ila moja, upande wa kisogoni, lina saba. Nikasema aliyeshona amekosea. Nikanunua ya pili kwa muuzaji yuleyule. Nayo ina ua la vijitundu saba, mahali palepale. Nikajua hili si kosa, huyu ni mtu anayejitia katika kazi yake kwa siri. Nikauliza mpaka nikaambiwa ni binti wa nani. Sasa nina kofia nne na kichwa kimoja."

Nilishika ukingo wa meza. Tangu nina miaka kumi na mbili natia ua la saba katika kila kofia, na hakuna binadamu aliyewahi kuliona, si baba, si Shangazi, si wanaozinunua na kuzivaa kwenda msikitini. Nilikuwa nimezoea kutoonekana. Na huyu, aliyekatazwa hata kunitazama, alikuwa ameniona mwaka mzima uliopita. Nilimpenda papo hapo, nikiwa nimekasirika bado, na sioni haya kusema.

Ili nipate pumzi nilifuata kwa kidole ile kamba nene nyeusi iliyotoka bandarini. Ilipita Ngamiani, ikaingia Mabawa, ikanyooka. Kidole changu kikasimama.

"Fundi, barabara hii kubwa umeipitisha juu ya nyumba ya mtu."

"Wapi?"

"Mabawa."

"Hapo ni minazi mitupu, bibi."

"Ramani yako ni ya lini?"

Nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Ni ya enzi za Mjerumani."

"Mjerumani aliondoka kabla sijazaliwa. Sasa hapo pana nyumba, na uani pana mti wa mlangilangi."

"Nyumba ya nani?"

"Ya Mzee Uweso."

Kitu kilianguka nyuma ya pazia, na treni ikasimama katikati ya njia. Wanawake wakalalamika.

"Mzee Uweso mwenye binti anayeshona kofia?" akauliza fundi.

"Huyohuyo."

"Laa haula," akasema. "Nimeposa binti wa watu, kisha nimempitishia malori chumbani."

Nilicheka, nikaziba mdomo. Halafu nikakumbuka nyumba yenyewe. Baba aliijenga kwa mikono yake, na mlangilangi ule mama yangu aliupanda mwaka aliofika pale akiwa bibi harusi. Mama sasa ni marehemu. Baba huwa haruhusu hata tawi likatwe bila kuombwa.

"Isogeze," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Wakishafunga ukumbi, isogeze. Ni kamba tu. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi ni jirani tu."

"Jirani akijua, mji umejua," akasema. Kisha akauliza, "Na kibao chako umekiweka wapi?"

"Sikupewa."

Mkono ukatokea chini ya pazia, umeshika kijumba cha mbao. Ulikuwa mkono mkubwa, kucha zimekatwa vizuri, na kovu jeupe kidoleni. Nilipiga goti nikaupokea ule mkono, nasema mkono, nilikusudia kusema kibao, na vidole vyangu vikabaki pale katika uwazi kwa muda zaidi ya haja. Yeye hakuvuta wake.

"Vidole vyako vimechomwachomwa," akasema.

"Ni sindano."

Nilimsikia anapumua, nikajua kwamba amejua. Nilipaswa kukimbia, sikukimbia.

"Mwaka elfu mbili," akasema mwishowe, kwa sauti iliyonifikia mimi peke yangu, "utakuwa na umri gani?"

Nikahesabu. "Sitini na minne."

"Mimi sabini na miwili. Tutakuwa wazee."

"Tutakuwa?"

Hapo Shangazi akanivuta buibui, akasema umati wote huu utatukuta tumepiga magoti kama tumepoteza pete. Nikaondoka na kile kijumba kwapani. Sikukiweka kwenye meza, kwa sababu pa kukiweka palikuwa pamelaliwa na kamba.

*

Tuliporudi, baba alikuwa barazani na jirani yetu Mzee Sadalla. Niliwaamkia, nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya mlango kusikiliza. Mimi ni binti mwenye malezi lakini mlango wetu ni mwembamba.

"Nimeiona kwa macho yangu jana," Mzee Sadalla alikuwa anasema. "Kamba nyeusi, nene, imepita juu ya nyumba yako kama vile hukuzaliwa."

"Na kamba hiyo kaiweka huyo anayetaka kuniolea mwanangu," akasema baba.

"Huyohuyo."

"Kesho nakwenda mwenyewe. Nikiikuta, Ijumaa washenga wataukuta mlango wangu umefungwa. Siwezi kumpa binti mtu aliyekwisha kunibomolea."

"Na kama ameshaiondoa?"

"Wewe si umeiona? Basi nikiikuta haipo, atakuwa mbomoaji na mwongo. Huyo ndiye simpi hata maji."

Nilikaa chini papo hapo. Asubuhi nilikuwa natafuta njia ya kumkataa Mselem. Sasa ilikuwa saa kumi jioni, namtaka, na mimi ndiye niliyemshauri aisogeze kamba kwa siri. Akilisikiliza shauri langu nitamkosa, asipolisikiliza nitamkosa. Sikuweza kumpelekea neno, maana neno kutoka kwangu kwenda kwake kabla ya Ijumaa lingekuwa aibu ya ukoo mzima.

Shangazi alinikuta pale sakafuni. Hakuuliza. Alinitazama usoni, akasema, "Kumbe mji umekupendeza," akaenda kuwasha moto.

Siku ya pili, Alhamisi, baba aliondoka baada ya kifungua kinywa, fimbo mkononi na kanzu yake ya Idi. Sikushona hata ua moja. Nilikaa chini ya mlangilangi na kile kijumba cha mbao, na kwa ncha ya sindano nikakikwaruzia upande wa nyuma, pole pole, mlango mdogo. Adhuhuri ikapita, Alasiri ikaadhiniwa. Shangazi alinipa chai, ikapoa.

Baba alirudi jua limeshuka. Alipita uani moja kwa moja, akainama kwenye mtungi kunawa, na nikaona viganja vyake ni vyeusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niletee sabuni."

Nikaleta. Nikasimama. Baba ni mtu wa kuanza habari anapotaka yeye, na siku hiyo alinawa mpaka nikataka kumnawisha mimi.

"Nilifika mlangoni," akaanza, "sijauliza kitu, kijana mmoja akanijia, kavaa kofia safi. Akaniamkia. Akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye meza, watu wote wanaona. Akasema, 'Mzee, hapa ni nyumbani kwako, na hii ni barabara niliyoipitisha juu yake bila kuja kuuliza nani anakaa. Jana nimeambiwa kosa langu. Sikuisogeza, nisije nikakuficha. Kukosea ni kwangu, kusogeza ni kwako.'"

"Kwa hiyo kamba ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Nawe ukafanyaje?"

Baba akatazama viganja vyake. "Nikaishika. Nikaisogeza. Nikaiweka juu ya nyumba ya Sadalla."

"Baba."

"Naye Sadalla alikuwa nyuma yangu, mbio akaitupa kwa mtu wa Chumbageni. Mtu wa Chumbageni akaipeleka kwa mwingine. Kila mzee akaja kuiondoa kwake. Mpaka tunamaliza imezunguka mji wote, imeteremka pwani, haimgusi mtu, inapinda huku na huku. Nzuri ya kutazama sio, lakini kila mtu yuko kwake."

Shangazi, aliyekuwa jikoni akijifanya hasikii, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Na mabwana wa ofisi?" nikauliza.

"Yule mkubwa wao alikasirika. Akauliza nani kazipindua nyumba na barabara imepatwa na nini. Kijana akamjibu bila kutetemeka, 'Nyumba wamezigeuza wanaopika humo, barabara wameisogeza waliojenga. Aliyekosea ni mimi, nilifuata ramani sikufuata watu.' Walimwambia meza nyingine hawampi." Baba akafuta mikono kwenye kanzu ya Idi, jambo ambalo sijamwona akilifanya maishani. "Nikamwambia asihuzunike. Seremala hakosi mlango wa kutengeneza."

Nikaipokea sabuni.

"Tena kila nyumba ameichorea mlango wa nyuma," baba akaendelea. "Nyumba mia mbili. Rangi ilikuwa mbichi bado. Lakini kuna jambo moja sikulielewa. Mji wote watu wamebanana, ila nyuma ya nyumba yetu, karibu na ua, ameacha kiwanja kitupu. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema kuna kibao kimoja kilitoka jana hakijarudi. Mwenyewe akipenda atakirudisha, asipopenda pabaki hivyo hivyo."

Nilikishika kile kijumba chini ya kanga yangu, ncha ya paa ikanichoma kiganja.

"Mimi sina neno naye," akasema baba. "Lakini dada yangu ameniambia habari ya uzi. Kimya cha uzi sikipeleki kwa watu. Kesho utaulizwa upya."

*

Ijumaa asubuhi Shangazi alikuja amevaa kanga mpya. Alinikuta nimekaa mkekani, kofia iko mbele yangu.

"Weka hiyo kando."

Nikaiweka kando.

"Na sindano."

Nikaichomeka kwenye mto.

"Fungua kinywa."

"Shangazi."

"Fungua nione."

Nikafungua. Akanitazama huku na huku, juu na chini ya ulimi, kama mtu anayemkagua mtoto jino. "Haya, funga."

Akakaa mbele yangu, akakunja miguu, akasema neno moja moja ili lisipotee hata moja. "Mastura binti Uweso. Mselem, fundi seremala wa Tongoni, amekuposa. Washenga wanakuja baada ya sala. Wasemaje?"

Maneno nilikuwa nayo mengi. Nilitaka kumwambia habari ya ua la saba, ya mkono wenye kovu, ya mtu aliyeambiwa njia nyepesi akachagua kumtazama baba yangu usoni. Nilitaka kusema ndiyo mpaka isikike Ngamiani. Nikakitoa kile kijumba chini ya mto, nikakiweka mkekani kati yetu, mlango wake wa nyuma ukimwelekea yeye, nikamsogezea taratibu mpaka kikagusa goti lake.

Kisha nikafumba mdomo, nikamtazama, nikanyamaza.

Shangazi alingoja. Alingoja sana, apate hakika. Hatimaye akakiokota kile kijumba, akakificha ndani ya kanga yake mpya, akainuka, na akatoka kwa mlango wa uani kwenda kumwambia baba.